Ngozi Inapelekwa kwa Nani

Wiki yangu ya mwisho kazini, mmoja wa vijana wetu alinijia mezani na kijitabu cha maelekezo ya programu ya mifugo. Alikuwa akikisafisha kwa ajili ya toleo jipya, na aliniuliza kwa adabu kama anaweza kufuta sentensi moja. Iko chini ya chaguo linaloitwa /mwenye, na inasema hivi: "Mwenye ng'ombe ni yule anayepelekewa ngozi ng'ombe akifa." Kijana alidhani ni mzaha wa mtu aliyekuwa amechoka siku hiyo. Nilimwomba aiache kwanza, nitamwandikia. Sasa nimestaafu, nina muda, na migomba yangu haina haraka na mimi. Kwa hiyo naandika, kwa ajili yake na kwa ajili ya nyinyi wengine mtakaokaa kwenye kile kiti baada yangu.

Nilifika Kayanga, wilayani Karagwe, mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na shahada ya hisabati na takwimu, begi moja, na tabia ya kuuliza "kwa nini" ambayo chuoni ilinipatia alama nzuri na nyumbani ilinifukuzia wachumba. Mradi wa mifugo ulikuwa umepewa jengo lililowahi kuwa ghala la kahawa, na harufu ya kahawa haikuwa imekubali kuhama. Tulikuwa watatu. Festo alikuwa Bwana Mifugo, mtu mpole mwenye viatu vya mpira, aliyejua kila njia ya ng'ombe kutoka Kituntu hadi Murongo. Deo alikuwa injinia wa kompyuta, kijana wa mjini, aliyejua kila njia ndani ya kompyuta na hakuhitaji kujua nyingine. Wa tatu nilikuwa mimi.

Kompyuta yenyewe ilikaa chumba cha ndani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kilichotengenezwa na mke wa Festo. Kila asubuhi tulikitoa kwa heshima, tukakikunja, tukawasha jenereta, tukasubiri. Nyinyi mnaogusa picha kwa kidole hamtaelewa, lakini kioo cha wakati ule kilikuwa cheusi tupu, na pembeni kistari kimoja kikipepesa kama mtu anayesubiri umalize kuongea ili aondoke. Hakikukuonyesha lolote. Ilikubidi ujue unachotaka, kisha ukiandike.

Programu iliitwa ZIZI. Deo aliiandika mwenyewe, na amri zake zote zilikuwa za Kiswahili, jambo ambalo namsifia mpaka leo. Ukiandika "zizi orodha" ilikupa orodha ya ng'ombe. Ukiandika "zizi kibali" ilichapa kibali cha kuhamisha mifugo. Baada ya amri uliongeza machaguo: /kijiji na jina la kijiji, /mwenye na jina la mtu, /chanjo ukitaka waliochanjwa tu. Ile alama iliyolala mbele ya kila chaguo tuliiita fimbo, kwa kuwa imeegemea kama fimbo ya mchungaji ukutani. "Umesahau fimbo," ndiyo sentensi niliyoisikia zaidi mwaka wangu wa kwanza.

Kazi niliyopewa ilikuwa kueleza kila chaguo linafanya nini, na kulijaribu kama kweli linafanya hivyo. Deo alinikabidhi maelekezo yaliyokuwepo, karatasi moja. Ilisema: "/kijiji: kijiji. /mwenye: mwenye. /chanjo: chanjo."

"Injinia," nikamwuliza, "haya ni maelekezo au ni kiitikio?"

"Yanajieleza yenyewe."

"Nikikosea kuandika chaguo, programu inafanya nini?"

"Kwa nini ukosee?"

Hapo nilijua kwamba kazi ipo. Siku ile ile niliandika "zizi orodha /kijji:Mabira", nikiwa nimeacha herufi moja kwa makusudi. Programu haikulalamika. Ililipita lile neno isilolijua kama mtu anayempita mlevi njiani, ikaendelea na amri iliyobaki, ambayo ilikuwa "zizi orodha" tu, bila kijiji. Yaani ng'ombe wote wa wilaya nzima. Printa ilianza kulia saa ya chai na haikunyamaza. Karatasi zilitoka mlangoni, zikateremka ngazi. Mbuzi wa jirani akala orodha ya kata mbili. Utepe wa wino tulioutafuta kwa shida kupitia wafanyabiashara wa Murongo ulipauka mbele ya macho yetu.

Deo alisimama akiwa ameshika kikombe. "Nani ataandika hivyo?"

"Mimi nimeandika."

"Mtu wa kawaida."

Festo, aliyekuwa akipokonyana karatasi na mbuzi, alisema kwamba hata yeye jana aliandika hivyo, ila jenereta ilizimika ikamwokoa. Tangu siku hiyo programu ilijifunza kusema, "Chaguo hili silijui," ikasimama. Huo ndio mtihani wangu wa kwanza kuiangusha programu, nami nikapata ladha yake. Nilijaribu chaguo moja moja, mawili mawili, mbele nyuma, kwa herufi kubwa, kwa majina yenye nafasi katikati. Deo alianza kula chakula cha mchana peke yake.

Kipindi hicho hicho nilimwona Sebastiani kwa mara ya kwanza. Nilitoka nje kupumzisha masikio na jenereta, nikamkuta mwanamume amesimama na baiskeli, na nyuma ya kiti amefunga ngozi ya ng'ombe iliyokauka, ngumu kama mlango. Baba yake alitoka Burundi zamani kutafuta vibarua kwenye migomba ya watu, na mwanawe akaishia kuchunga ng'ombe wa watu Mabira. Mabira leo iko wilaya ya Kyerwa. Wakati ule yote ilikuwa Karagwe. Alikuwa amesukuma baiskeli ile tangu alfajiri.

"Dada, Mzee Kashaija yumo ndani?"

"Yumo, ana kikao na Bwana Mifugo. Una shida gani?"

"Ng'ombe wake amekufa. Nimemletea ngozi."

"Ya nini?"

"Aione."

"Ukimwambia tu kwamba amekufa hatakuamini?"

Alifikiri kidogo. "Hata mimi nisingejiamini."

Mzee Kashaija akatoka. Alikuwa mtu mrefu, mzee wa kanisa, koti la suti juu na viatu vya mpira chini, na kila mtu wilayani alijua ana ng'ombe wengi ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Akaikunjua ngozi ile, akatazama sikio, akapitisha kidole kwenye baka jeupe la ubavuni kama mtu anayesoma. Akatikisa kichwa. Kisha akauliza, "Bihogo hajambo?"

"Hajambo, waitu," akajibu kwa neno la heshima la huku. "Amekua."

"Vizuri," akasema mzee, akarudi kikaoni.

Sebastiani alibaki amesimama pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kama mtu aliyetarajia sentensi iendelee.

Jioni Festo alinifafanulia. Huku mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote kwake. Anawagawa kwa watu wa mbali na karibu, wawafuge. Ugonjwa ukiingia zizi moja hauwamalizi wote, na jirani akichungulia ua wako hawezi kujua ulicho nacho. Anayewafuga anakunywa maziwa na kupata mbolea ya migomba yake. Akifuga vizuri miaka kadhaa, anapewa mtamba awe wake. Ng'ombe akifa, anapeleka ngozi kwa mwenyewe, ijulikane kwamba amekufa kweli na hakuuzwa ng'ambo ya mto wa mpakani. Bihogo alikuwa mtamba mwekundu aliyeiva rangi, na ndiyo maana aliitwa hivyo. Sebastiani aliahidiwa apewe huyo mvua zikiisha.

"Mvua zipi?" nikauliza.

"Hapo ndipo penye tatizo," akasema Festo. "Mzee hakutaja."

Nilifurahia maelezo hayo kama mgeni anavyofurahia maelezo, nikarudi kwenye majaribio yangu. Zamu ilikuwa ya /mwenye. Nilitengeneza zizi la mfano: mtu mmoja, nikamwita Jumanne, na ng'ombe wake watano, wote wanalala kwake. Niliandika "zizi orodha /mwenye:Jumanne", wakatoka wote watano. Nikaandika jina lisilokuwepo, hakutoka hata mmoja. Nikageuza, nikakosea makusudi, nikarudia. Yote yakapita. Kwenye kijitabu nikaandika: "/mwenye: huonyesha ng'ombe wote wa mtu aliyetajwa." Sentensi safi kabisa, yenye kiima na kiarifu. Orodha zikachapwa, zikapelekwa vijijini.

Sasa lazima niwaeleze data ile ilitoka wapi. Ng'ombe walikuwa wakivishwa hereni zenye namba siku ya kuogeshwa joshoni, na karani wa josho akaandika namba na jina. Jina la nani? Fomu ilisema "Jina", basi. Karani akaandika jina la aliyemleta ng'ombe, kwa kuwa ndiye aliyesimama mbele yake, amelowa dawa. Kwa Jumanne wangu wa mfano hakukuwa na tofauti. Lakini Jumanne hakuwa mtu wa Karagwe.

Kwa hiyo, kwa mujibu wa kompyuta, Sebastiani wa Mabira alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa eneo lile, na Mzee Kashaija alikuwa na ng'ombe mmoja, yule wa maziwa aliyefungwa nyuma ya jikoni kwake.

Mngetegemea simu, barua, ghasia. Haikuja hata kelele. Shule ya Mabira ilikuwa ikikusanya mchango wa mabati kwa kila kichwa cha ng'ombe, na Mzee Kashaija aliutoa mchango wa ng'ombe wake mmoja mapema kuliko watu wote, akapigiwa makofi kanisani. Wenye ng'ombe wengine nao walijikuta wamekuwa maskini, wakaupokea umaskini huo kwa unyenyekevu mkubwa. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijawahi kuona kasoro iliyo ngumu kuigundua kama ile inayowapendeza walioathirika.

Aliyepata taabu ni Sebastiani, na hata taabu yake ilikuwa na utamu. Wanaume wa rika lake walianza kumsalimu shikamoo. Kanisani alisogezewa nafasi benchi la mbele. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mwanamume mwenye daftari la michango na subira isiyo ya kawaida, alikwenda kwake akiwa na orodha yetu mkononi.

"Nilimwambia si wangu," Sebastiani alinisimulia baadaye. "Akacheka. Akasema kila tajiri husema hivyo. Nikamwapia. Akasema matajiri ndio wanaoapa zaidi."

"Akafanya nini?"

"Akanisamehe. Akasema nitatoa roho ikilainika."

Hali hiyo ingeendelea mpaka leo kama mtoto wa Mzee Kashaija asingechumbia Kituntu.

Mzee alikuja ofisini Jumatatu moja, koti limepigwa pasi. Jumamosi ng'ombe wa mahari walitakiwa wafike kwa wakwe Kituntu. Kulikuwa na ugonjwa wa mapafu unatembea upande wa mpakani, kwa hiyo ng'ombe hapiti kizuizi bila kibali, na vibali vya kuandikwa kwa mkono vilikuwa vimekatazwa, kwa sababu ambazo kila aliyewahi kuvipata anazijua. Kibali kilitoka kwenye ZIZI tu.

Nikaandika "zizi kibali /mwenye:Kashaija". Printa ikalia mara moja, ikanyamaza.

"Ng'ombe mmoja," akasoma Festo.

"Wengine wako kwa Sebastiani," akasema mzee.

"Kompyuta inasema walioko kwa Sebastiani ni wa Sebastiani."

"Inajua sivyo."

"Tunaweza kuchapa kibali kwa jina la Sebastiani, mzee. Njiani watapita bila shida."

Mzee Kashaija aliitazama printa. Wote tulijua kinachofuata. Kule Kituntu ng'ombe wakipokelewa, karatasi inayokuja nao husomwa kwa sauti mbele ya pande zote mbili. Angekaa kwenye kiti cha baba wa bwana harusi, amevaa koti lake, huku ukumbi mzima ukitangaziwa kwamba binti yao ameolewa kwa ng'ombe wa Sebastiani.

"Hapana," akasema.

"Basi itabidi tusahihishe orodha," nikasema. "Tuandike ng'ombe wote walio wako."

Hilo nalo hakulipenda. Mtu wa ng'ombe hasimami hadharani akasema hawa ni wangu na idadi yao ni hii. Ni kama kuvua nguo sokoni. Isitoshe, mwenyekiti wa shule naye angekuwa sokoni.

Alipoondoka nikamgeukia Deo. "Programu imekosea."

"Programu iko sahihi. Imetoa kilichoingizwa."

"Kijitabu kinasema itatoa ng'ombe wa mwenye."

"Kijitabu umeandika wewe."

"Majaribio yalipita."

"Nayo umeandika wewe," akasema, na nadhani alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu mbuzi ale karatasi. Lakini Deo hakuwa mtu wa kinyongo. Alivuta kiti, akasema atatenganisha: jina la anakolala ng'ombe liwe chaguo moja, na jina la mwenye liwe jingine. Kuandika programu ni kazi ya siku mbili. "Lakini nani atanipa jina la mwenye? Nitalitoa wapi?"

Chaguo la anakolala tulitaka kwanza kuliita /mchungaji. Orodha ya majaribio ikabandikwa mlangoni, na kabla ya chakula cha mchana mchungaji wa kanisa la jirani akaja kuuliza, kwa upole lakini bila kukaa, kwa nini serikali inadhani ana ng'ombe. Tukaliita /lala.

Alhamisi ilikuwa siku ya josho Mabira. Tulikwenda na Festo kwa pikipiki yake, mimi nyuma na fomu mpya kifuani. Ng'ombe walikuwa wamejipanga, pembe zao ndefu zikigongana, watu wameegemea fimbo zao halisi. Mzee Kashaija alikuwepo, amesimama pembeni kama aliyekuja kuangalia hali ya hewa. Mwenyekiti wa shule alikuwepo pia, na daftari.

Festo alianza. Akamwendea mzee mmoja, akagusa ng'ombe wake wa kwanza. "Ng'ombe huyu ni wa nani?"

"Ni wa Mungu."

Festo akashukuru. Akamwendea wa pili.

"Ni wa watoto."

"Watoto wa nani?"

"Watoto wa hapa hapa."

Wa tatu alisema ni wa Mungu tena. Festo akaja kuninong'oneza. "Nikijaza fomu hivi, kesho tutamchapia Mungu kibali."

Hakuna aliyekuwa akidanganya. Walikuwa wakijibu swali la kijinga kwa adabu. Nilisimama pale, matope yakipanda viatuni, nikafanya lile nililolizoea mbele ya kompyuta: programu ikikujibu upuuzi, jaribu kuuliza kwa njia nyingine. Na nikaikumbuka ile ngozi ya siku ile nyuma ya baiskeli, ngumu kama mlango.

Zamu ilikuwa ya Sebastiani. Alikuwa amemshika pembe ng'ombe wa kwanza.

"Huyu akifa," nikamwuliza, "ngozi inapelekwa kwa nani?"

Hakusita hata kidogo. "Kwa Mzee Kashaija."

Nikamtazama mzee. Hakusema ni wake, hakusema si wake. Alikuwa akitazama vilima. Hakuna aliyemtaka ahesabu wala ajitangaze. Mtu alikuwa ametaja tu njia ya kupeleka ngozi, jambo la kawaida kabisa. Nikaandika.

"Na huyu?"

"Ngozi yake kwa Mzee Kashaija."

"Na yule?"

"Huko huko."

Tukaendelea hivyo, ng'ombe akizama joshoni, akiogelea, akipanda upande wa pili akichuruzika. Mwenyekiti wa shule alikuwa amefungua daftari na midomo yake ikitembea. Mzee mmoja nyuma yetu akasema, "Kashaija, leo mabati yamepatikana," na kicheko kikazunguka kama moshi, kikamfikia mzee mwenyewe, ambaye alikohoa tu. Nilimwona Sebastiani akitabasamu, lakini kidogo. Kwa kila jibu alikuwa akiuvua utajiri wake kichwa kwa kichwa, na benchi la mbele kanisani likisogea mbali. Angeweza kusema lolote, maana aliyesimama joshoni alikuwa yeye. Alisema kweli mpaka mwisho wa mstari.

Mwisho wa mstari alikuwa Bihogo. Alitoka kwenye maji akiwa mwekundu kama udongo wa barabara ya Kituntu baada ya mvua, akajitikisa, akatulowesha sote.

"Huyu akifa, ngozi inapelekwa kwa nani?"

Sebastiani akamtazama mtamba.

"Huyu sijui, dada."

"Wengine wote umejua."

"Huyu sijui. Mwulize mzee."

Hakusema kwa ukali. Lakini pale joshoni kila mtu alijua habari ya mtamba yule na mvua zisizotajwa, na fimbo zote zikaacha kuchora ardhini. Mzee Kashaija alikuwa na kibali chake tayari kwenye fomu zangu. Mahari yake ingefika Kituntu kwa jina lake, shukrani kwa mdomo wa mtu huyu. Neno moja lilibaki, nalo angelisema mbele ya Mabira nzima.

Nilimsogelea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshaniamkia asubuhi, binti."

"Ndiyo. Ngozi ya huyu inapelekwa kwa nani?"

Alimtazama Bihogo. Alitazama juu. "Bwana Mifugo, jua linapanda."

"Linapanda, mzee," akasema Festo, wala hakusogea.

Mzee akaegemeza mikono yote miwili juu ya fimbo yake. "Ngozi ya huyo," akasema, "haiji kwangu."

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi fomu yangu ilikuwa na nafasi tupu. "Inakwenda kwa nani?"

Festo alikohoa. Mzee Kashaija alinigeukia polepole, akanipima kuanzia viatu hadi nywele. "Binti, wewe umesoma sana," akasema. Kisha akanyanyua kidevu kumwelekea Sebastiani. "Andika anayemkamua mama yake."

Nikaandika. Sebastiani hakushukuru, hakupiga magoti. Alivua shati, akamfuta Bihogo dawa iliyokuwa ikimwingia machoni, akafuta taratibu, jicho moja, kisha la pili, mpaka ng'ombe wenyewe wakaanza kuondoka.

Ijumaa Deo alimaliza machaguo yake, mimi nikaingiza majina, na "zizi kibali /mwenye:Kashaija" ikaifanya printa ilie kwa heshima inayostahili. Jumamosi karatasi ilisomwa Kituntu. Nimesimuliwa kwamba msomaji, kwa kuwa alitaka kuonekana anajua kusoma, alisoma kila kitu, pamoja na "hulala kwa: Sebastiani", na wakwe wakauliza huyo Sebastiani yuko wapi wamshukuru kwa afya ya ng'ombe. Alikuwa nje, akiwashika. Wakamwita ndani, wakampa kiti.

Wiki iliyofuata niliandika upya kijitabu chote. Jumanne nilimfuta. Mfano wa kwanza katika majaribio ya ZIZI ukawa ng'ombe mwekundu anayelala kwa mtu mmoja na ngozi yake inapelekwa kwa mwingine, na jaribio la pili ni ng'ombe yule yule baada ya kubadilisha mwenye bila kuhama zizi. Majaribio hayo bado yapo, mmeyaona, na sasa mnajua kwa nini ng'ombe wa majaribio anaitwa Bihogo. Chini ya /mwenye nikaandika ile sentensi. Deo alisoma, akasema si lugha ya kitaalamu. Nikamwuliza kama anayo nyingine ambayo karani wa josho ataielewa. Aliifikiria siku mbili, kisha akarudi kula na sisi.

Ikiwa mnaifuta, ifuteni baada ya kwenda joshoni na kuuliza "ni wa nani".

Sebastiani alikuja ofisini siku chache baadaye, safari hii baiskeli haina mzigo. Aliomba kuona kompyuta inasemaje. Nikamwachia aandike mwenyewe, kwa kidole kimoja, "zizi orodha /mwenye:Sebastiani", na nikamkumbusha fimbo. Printa ikalia mara moja, ikanyamaza. Mstari mmoja: namba ya hereni, mtamba, mwekundu, Mabira.

"Mmoja tu?" akauliza. Mwezi uliopita mashine ile ile ilikuwa imempa zizi zima.

"Mmoja."

"Basi huyu ni wa kweli." Akaikunja karatasi, akaifunga nyuma ya kiti cha baiskeli, mahali pale pale alipokuwa amefunga ngozi.

Alipokuwa akiigeuza baiskeli, mwenyekiti wa shule akatokea kwenye kona ya ghala, daftari kwapani. Alikuwa amekuja kuchukua orodha mpya, na alikuwa ameiona karatasi.

"Sebastiani, ndugu yangu. Nasikia sasa una ng'ombe."

Sebastiani alipanda baiskeli, akatazama vilima.

"Ni wa Mungu," akasema, akaondoka.

Nikarudi ndani, nikawaambia Festo na Deo kwamba chaguo la /mwenye linafanya kazi.